Siku za Githeri Ngumu

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, Bwana Kaveke aliweka faili juu ya meza ya Jentrix Wamalwa, kisha akaweka kikombe cha chai juu ya faili ili feni isipeperushe karatasi.

"Huyu msichana wa sabuni," alisema. "Nataka taarifa yako saa kumi leo. Kesho jina lake linaenda kwa waendesha mashtaka."

Jentrix alikuwa inspekta katika ofisi ya mazingira pale Thika, na Kaveke alikuwa mkubwa wake. Msichana wa sabuni hakuwa msichana. Alikuwa Zahra Abdulnasir, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, afisa wa mazingira katika kiwanda cha Sabuni Mwangaza huko Ruiru. Kila mwaka kiwanda chenye boila lazima kiandikie ofisi ya mazingira kuwa kimetoa moshi kiasi gani. Kinaeleza kimechoma nini, tani ngapi, kwa saa ngapi. Mara nne kwa mwaka watu wa maabara hupanda juu ya chimni, wakatia mrija ndani na kupima vumbi lililo kwenye moshi. Hesabu zote huzidishwa, zikatoka tani za mwaka mzima, na chini kabisa ya fomu mtu mmoja huweka sahihi kwamba hayo yote ni kweli.

Kwa miaka mitatu mtu huyo alikuwa Zahra. Na kwa miaka mitatu alikuwa ametia sahihi kwamba kiwanda kinachochoma tani sita za maganda ya kahawa kila siku kilitoa vumbi tani moja na nusu tu kwa mwaka.

"Jiko la mama yangu linashinda hiyo," Kaveke alisema. "Na nilimhoji mwenyewe Ijumaa. Dakika ishirini, mkono haukutoka mdomoni. Nikamwambia usoni, mtu akificha mdomo anaficha neno. Unajua alifanya nini? Akaufunika na mkono wa pili."

Jentrix aliinua kikombe, akafuta duara la chai kwa leso yake na kuchukua faili. Chini ya faili alikuta andazi limefungwa kwenye karatasi. Kaveke alijua kwamba Jentrix huondoka nyumbani kwake Ngoingwa bila kula, na kwa miaka mingi alikuwa akimletea andazi bila kulitaja hata siku moja. Jentrix naye hakulitaja. Alilitia mkobani, akaenda kazini.

Ndani ya faili mlikuwa na barua isiyo na jina. Ilisema kwamba mtu wa maabara na mtu wa boila wameonekana kwenye vibanda vya nyama choma vya Kamakis wakila mbuzi pamoja, na si mara moja, na aliyelipa kila mara alikuwa mtu wa maabara. Jentrix aliisoma mara mbili. Kama kulikuwa na hongo, kiwanda ndicho kilichopaswa kumlisha mpimaji. Katika miaka ishirini na miwili ya kunusa chimni za watu, alikuwa hajaona hongo inayotembea kinyumenyume.

Mtu wa maabara aliitwa Marvin. Ofisi yao ilikuwa ghorofani juu ya duka la mabati, karibu na Kamakis, na ngazi yake ilinuka nyama tangu saa nne asubuhi. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba kama ule mrija anaotia kwenye chimni. Alipoulizwa kuhusu mbuzi alicheka, halafu akaona kwamba Jentrix hacheki, akaketi.

Akaeleza. Machi mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili ndipo alipopima Mwangaza kwa mara ya kwanza. Alipanda ngazi ya chimni, mita kumi na nane, na kabla hajafungua kidirisha cha kupimia, upepo ukageuka, moshi wote ukamwingia kifuani. Kitu alichokumbuka baadaye ni harufu ya jasho na sauti ya mtu anayeomba kwa Kibukusu. Mzee Erastus, mwangalizi wa boila, alikuwa amempandia na kumteremsha mgongoni kama gunia la viazi.

"Msee ako na miaka hamsini na nane, madam," Marvin alisema. "Amenibeba na gumboot. Sasa nisimnunulie hata mbuzi?"

Jentrix alisema mbuzi ni haki yake. Aliuliza kuhusu vipimo. Marvin akatoa karatasi za tarehe zote kumi na mbili za ile miaka mitatu, na kweli ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: kipimo kimerudiwa wiki iliyofuata. Tangu hapo hakuna siku ambayo moshi ulimsumbua tena. Ulikuwa mwembamba, mweupe, wa adabu.

"Na hapa," Jentrix alisema, akiweka kidole kwenye kisanduku. "Umeweka tiki kwamba boila ilikuwa kwenye kazi yake ya kawaida. Uliona na macho?"

Marvin alikuna shingo. "Nampigia meneja, anasema ndiyo. Mimi huwa juu. Huko juu naonanga tu viatu zangu."

"Na meneja yuko wapi akisema ndiyo?"

"Kwa ofisi."

Jentrix aliandika: *Mmoja hutazama viatu, mwingine hutazama kompyuta. Nani hutazama moto?* Kisha akamshukuru. Kabla hajafika mlangoni Marvin aliuliza kama Mzee Erastus yuko kwenye shida. Hakuuliza kama yeye mwenyewe yuko kwenye shida, na Jentrix aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Nyuma ya kiwanda, ng'ambo ya ua wa michongoma, aliishi Abdulkarim, dobi. Ndiye aliyeleta malalamiko yaliyofungua faili hii. Alimpokea Jentrix kwa kiti na glasi ya maji, kisha akamwonyesha kanzu nyeupe iliyokuwa kwenye kamba. Mabegani ilikuwa na madoa meusi madogomadogo, kana kwamba kuku amekanyaga wino na kupita juu yake.

"Mama inspekta, hii nimeifua na Sabuni Mwangaza," alisema. "Hawa jamaa wananiuzia sabuni kwa mlango, halafu wananirushia masizi kwa paa. Nafua mara mbili, nanunua sabuni mara mbili. Hii ndiyo biashara."

Jentrix aliuliza kama moshi ni wa kila siku. Abdulkarim alisema ni wa kila siku isipokuwa siku chache ambazo Mungu humwonea huruma. Mara tatu au nne kwa mwaka moshi hukonda tangu asubuhi mpaka alasiri. Siku hiyo huacha kila kitu, akafua kanzu za maharusi.

Hili pia Jentrix aliliandika. Akapiga mstari chini yake.

Zahra alimngoja getini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa mtandio wa kijani, na mara tu alipofungua kinywa kusema karibu, mkono ulipanda juu kushika pembe ya mtandio na kufunika midomo. Ofisini alikuwa ameshapanga mafaili yote mezani kwa mwaka na kwa mwezi. Risiti za maganda ya kahawa, saa za boila, karatasi za maabara. Jentrix alikagua saa nzima. Hakuna tarakimu iliyofutwa. Hakuna karatasi iliyokosekana. Alijaribu kuzidisha mwenyewe, na kila mara jibu lilitoka sawa na lile la kwenye fomu. Hesabu ilikuwa sahihi. Kitu kilichoingia kwenye hesabu ndicho kilichokuwa kibovu.

"Haukushangaa?" aliuliza. "Tani sita za maganda kwa siku, na vumbi kidogo hivi?"

Zahra alisema, nyuma ya mtandio, kwamba alishangaa mwaka wa kwanza, akamuuliza meneja. Meneja akamwambia ashukuru Mungu kwa boila nzuri. Mwaka wa pili alimwandikia mtu wa maabara barua pepe, naye akajibu kwamba mashine yake imekaguliwa na iko sawa. Barua hizo zilikuwa ndani ya faili. Halafu sauti yake ikashuka.

"Wakinipeleka kortini, hakuna kiwanda kitaniandika tena kazi. Jina likishaingia kwa hiyo orodha, halitoki. Na mimi nimesoma hii kitu miaka minne, madam. Mamangu anaambia watu kwa soko ati binti yangu ni daktari wa hewa."

Jentrix alitamani kumwambia asijali. Lakini inspekta hasemi neno analoweza kulazimika kulirudisha. Alisema tu kwamba angependa kuona boila.

Nyumba ya boila ilikuwa imefagiliwa. Hilo lilikuwa jambo la kwanza aliloliona. Mzee Erastus alikuwa mtu mpana mwenye nyusi zilizoungua nusu. Alivua kofia, akapangusa kiti kwa shati lake la akiba, akakiweka mahali ambapo joto halifiki, kisha akasema, "Karibu mama, nipe dakika moja nikutengenezee moto."

Jentrix alidhani ni namna ya kusema tu. Alikaa. Mzee alivuta mpini wa chuma uliokuwa ukutani, na maganda ya kahawa yaliyokuwa yakimiminika ndani ya boila yakaacha kumiminika. Akaenda kwenye kona, akafunua turubai, akatwaa karai la kitu fulani na kukitupa ndani ya moto polepole, kama anayetia sukari kwenye chai. Wakaongea. Alitoka Webuye, Jentrix alitoka Kimilili, ikabidi watafute ndugu wa pamoja, wakampata, shangazi mmoja aliyeolewa Chwele. Jentrix aliuliza maswali yake yote. Je, kuna mtu amewahi kumwambia apunguze moshi? Hakuna. Meneja? Meneja hajaingia humu ndani tangu Krismasi. Je, watu wa maabara wakija kuna kitu hubadilika?

"Hapana mama. Ni kuwapokea tu vizuri."

Nusu saa baadaye alitoka nje na kutazama juu. Kutoka kwenye chimni ulitoka uzi mwembamba wa moshi mweupe. Ng'ambo ya ua, Abdulkarim alikuwa akikimbia na beseni la kanzu.

Jentrix alisimama. Kulikuwa na kitu hapa, kilikuwa kimemgusa begani kikapita. Lakini ilikuwa saa saba, na andazi la Kaveke lilikuwa limekwisha tangu Kamakis, kwa hiyo akaenda kantini.

Kantini ya Mwangaza ilikuwa na sufuria moja kubwa la chuma, la kupikia kwa mvuke unaotoka kwenye boila kwa bomba. Mpishi aliitwa Waridi. Alimpakulia Jentrix githeri bila kumtazama, kama mtu anayetoa habari za msiba. Jentrix alitafuna. Mahindi yalikuwa kama bado yako shambani na maharagwe yalikuwa kokoto.

"Usiniangalie hivyo, dada," Waridi alisema. "Saa tano ilikuwa inachemka poa kabisa. Halafu mvuke ukakufa. Nikajua tu, kuna mgeni."

Jentrix aliacha kutafuna. Akauliza anamaanisha nini.

Waridi alisema hamaanishi kitu, ila kila mgeni akienda kwa boila, mvuke hufa, na wafanyakazi mia mbili humlaumu yeye. Kama Jentrix hakuamini, kulikuwa na kitabu cha malalamiko pale kwa msumari. Yeye mwenyewe hakukisoma tena kwa sababu ya presha.

Jentrix alikitungua. Kilikuwa kitabu kikubwa, kimejaa mafuta na uchungu wa miaka mitatu. Wengi walilalamika kuhusu ukubwa wa kijiko cha Waridi. Lakini kwenye siku fulani karatasi nzima ilikuwa na jambo moja. *Githeri ngumu. Githeri ni changarawe. Leo tumekula ama tumejenga?* Alitoa karatasi za Marvin mkobani, akaziweka kando ya kitabu na kuanza kulinganisha tarehe.

Alianza na ile ya kalamu nyekundu. Siku Marvin alipozimia, githeri ilikuwa nzuri. Siku alipoirudia, wiki iliyofuata, ngumu. Juni, ngumu. Agosti, ngumu. Novemba, mtu alikuwa amechora jeneza. Ukihesabu siku ya marudio badala ya ile nyekundu, tarehe kumi na moja kati ya kumi na mbili zilikuwa siku za githeri ngumu. Ya kumi na mbili iliangukia Ijumaa, siku ya wali, na malalamiko yalisema: *Wali ni mbichi, heri githeri.*

Na hapo katikati, kwenye tarehe nne, kulikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka ambao alikuwa ameutazama saa nzima kwenye fomu za tani na saa. Mwandiko wa Zahra. Mara tatu alikuwa amelalamika kwa upole. Mara ya nne, tarehe kumi na nne Novemba mwaka wa elfu mbili ishirini na tatu, alikuwa ameandika: *Dada Waridi, najua si makosa yako, lakini leo nimevunja jino la mbele. Tafadhali uangalie mvuke.*

Jentrix alisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko alivyosoma kitu chochote mwaka huo. Kisha akafunga kitabu na kuomba ruhusa ya kukibeba. Waridi alisema akibebe kabisa, akakizike.

Hakupitia getini. Alizunguka kwa Abdulkarim, akaomba kupenya kwenye ua, na dobi akamshikia miiba kwa mikono yake asichanike. Akatokea nyuma ya nyumba ya boila bila mtu kumwona. Juu, chimni ilikuwa imerudi kutoa moshi mzito wa rangi ya kahawa. Ndani, mpini ulikuwa juu, maganda mabichi yakimiminika, na Mzee Erastus akikohoa peke yake katikati ya wingu. Kile kiti kizuri kilikuwa kimening'inizwa ukutani.

Mzee akamwona. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mpini, bila yeye kuutuma.

"Mzee Erastus," Jentrix alisema kwa upole. "Acha mkono hapohapo."

"Utaumia macho, mama."

"Acha yaumie. Nionyeshe iko nini chini ya turubai."

Yalikuwa maganda makavu ya makadamia, magumu na safi. Mzee alikuwa akiyaokota kidogokidogo kwa jirani mwenye kiwanda cha makadamia, akiyaanika mwenyewe na kuyaweka mbali na mvua. Hayatoi moshi. Lakini yalikuwa machache, kwa hiyo moto wake ulikuwa mdogo. Alieleza haya yote bila woga, kama mtu anayeonyesha vikombe vya kabatini.

"Hii ni ya wageni," alisema. "Kila siku nachoma ile mbaya. Lakini mtu ametoka kwao, amepanda chimni yangu mita kumi na nane, nimpulizie moshi? Yule kijana alikaribia kunifia mgongoni. Nilimuahidi Mungu, mgeni hatawahi kuumia tena kwa boila yangu."

Jentrix alikaa juu ya debe, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kucheka na hakutaka uso ufuate. Miaka mitatu. Hakuna mtu aliyehonga, hakuna aliyefuta tarakimu. Ofisi yote ya Thika ilikuwa imedanganywa na adabu.

Kisha akamweleza. Alimwambia kwamba yule kijana anapanda kupima moshi wa kila siku, siyo moshi wa wageni, na kwamba kwa sababu ya huo moto mzuri kuna binti pale ofisini ambaye kesho angeitwa mwongo mbele ya hakimu. Alimwambia pia kuhusu kanzu za Abdulkarim. Mzee aliketi kwenye debe lingine.

"Zahra?" alisema. "Yule huniletea dawa ya kifua kila baridi?"

"Huyo."

Akavaa kofia yake, akaomba apelekwe mara moja mahali ambapo watu huandika taarifa.

Saa tisa na nusu Jentrix alimwita Zahra ofisini. Aliweka kitabu mezani, kimefunguliwa kwenye tarehe kumi na nne Novemba, akamwomba aondoe mkono mdomoni, kama hatajali. Zahra alijali, lakini akauondoa. Jino la mbele lilikuwa limekatika mshazari, kama kona ya bahasha.

"Daktari ameniambia nitengeneze," alisema, "lakini kila nikiweka kando pesa, kuna jambo. Sasa nimezoea kufunika. Naona haya tu."

Jentrix akampigia Kaveke na kumsomea taarifa yake kwa simu, sentensi kwa sentensi. Kaveke alipinga, kama kawaida yake. Alisema huenda mwanamke huyo alijua kuhusu huo moto tangu mwanzo na akanyamaza.

"Bwana Kaveke," Jentrix alisema. "Mtu anayejua jiko limezimwa hapangi foleni na sahani. Angekuja na chapati kutoka nyumbani. Huyu amepanga foleni mara nne, na ya mwisho ameacha jino. Na Machi mwaka jana, siku ambayo wengi walilalamika na yeye hakuandika kitu, nimeangalia kalenda, ilikuwa Ramadhani, alikuwa amefunga."

Feni ya ofisi ya Thika ilisikika kwenye simu.

"Alificha mdomo kwa sababu ya jino," Kaveke alisema.

"Kwa sababu ya jino."

"Basi nitakuja mwenyewe Alhamisi. Kipimo kirudiwe. Na huyo mzee asiguse kitu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko yote. Alhamisi asubuhi Marvin alifika na kamba za usalama, miwani ya kuogelea na barakoa yenye pua mbili. Boila ilikuwa inakula maganda yake ya kila siku, na moshi ulikuwa kama ulivyo. Marvin alipokanyaga ngazi, mkono wa Mzee Erastus ulianza kutembea kuelekea ukutani. Jentrix aliuona. Akavua mkoba wake, ule mkubwa, na kumwomba amshikie kwa mikono miwili kwa sababu una vitu vya kuvunjika. Ulikuwa na kitabu cha malalamiko na machungwa mawili. Lakini mzee aliushika kama mtoto mchanga dakika arobaini nzima, macho juu, akiuliza kila baada ya muda, "Bado yuko?" na kila mara Jentrix akamjibu kwamba bado yuko na miguu yake inaonekana.

Meneja alishuka kwenye nyumba ya boila kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, kwa sababu Kaveke alimwambia asimame hapo na atazame moto kwa macho yake. Alikohoa mpaka tai ikalegea. Hakuna aliyempa kiti.

Marvin aliteremka mweusi kama kitako cha sufuria. Chini ya ngazi alikuta beseni la maji ya moto, taulo, na kipande kipya cha Sabuni Mwangaza. Mzee hakuwa ameruhusiwa kugusa boila, lakini hakuna aliyesema kitu kuhusu beseni.

Kipimo kilitoka saa sita. Ilikuwa mara tisa ya kile cha kwenye fomu. Tani kumi na tatu na nusu kwa mwaka. Kaveke aliisoma, akamwambia meneja kwamba ana miezi mitatu ya kufunga mtego wa vumbi kwenye chimni na kujenga banda la kukaushia maganda, na asipofanya hivyo leseni itabaki mezani kwake pale Thika, chini ya kikombe. Mzee Erastus alipewa barua ya onyo. Aliomba asomewe mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni karibu na moyo kana kwamba ni ya shukrani.

Zahra aliandika upya fomu za miaka mitatu kwenye meza ya kantini, watu wote wakimwona, na kuweka sahihi chini ya ile tarakimu mbaya ya kweli. Kaveke alichukua jalada la mashtaka, akaandika juu yake neno moja, *Limefungwa*, akampa Jentrix alishike. Hakuomba msamaha. Lakini alimvutia Zahra kiti.

Saa saba Waridi akafunua sufuria. Mvuke ulikuwa haujakatika tangu alfajiri. Githeri ilikuwa laini, maharagwe yamepasuka, mahindi yamevimba, na foleni ya watu mia mbili ilinyamaza kwa heshima. Zahra alipakuliwa wa kwanza. Alitafuna kwa upande mmoja, kwa tahadhari, mkono ukiwa juu. Kisha kwa upande wa pili.

Kaveke, ambaye siku hiyo alikuwa amempa Jentrix andazi lake na kuondoka bila kula, alichota kijiko kilichojaa na kukitia chote kinywani. Kilikuwa cha moto kama boila yenyewe. Macho yalimtoka, uso ukabadilika, na kwa haraka akafunika mdomo kwa mkono. Halafu kwa mkono wa pili.

Meza nzima ilimtazama. Zahra aliweka kijiko chini polepole.

"Bwana Kaveke," alisema kwa adabu zote, "kuna neno unaficha?"

Akacheka, mikono yake yote miwili ikiwa mezani, jino na pengo lake vikionekana mpaka mwisho wa foleni.